Hesabu ya Alhamisi

Zloti elfu nne na mia mbili.
Nimezihesabu mara tatu juu ya kitanda cha bweni,
kana kwamba noti huzaana zikifunikwa blanketi.

Kompyuta yenyewe ipo mtaa wa Piotrkowska, dirishani,
ubavu wa kioo, feni tatu zinazowaka
buluu, zambarau, kisha nyekundu ya gari la wagonjwa.
Witold muuzaji keshanizoea.
Huniuliza kama leo nimekuja kununua au kuota moto.

Haya, Bogna, tusemezane bila kuoneana aibu.
Utacheza saa ngapi?
Saa tisa usiku unakanda unga kwa Bi Halszka,
saa mbili asubuhi uko darasani, unga bado kwenye nyusi,
unakariri mifupa minane ya kifundo cha mkono
na kila siku mmoja unakuponyoka.
Mchana wodini: unatandika, unapima, unafuta.
Jioni unalala na viatu.
Siku yako imejaa, hata pa kuchomeka sindano hapana,
nawe wataka kuchomeka feni tatu.

Na Ludwik wa chumba cha saba?
Alinunua ya namna hiyo Oktoba, akasema ni ya masomo.
Februari akarudia muhula.
Mpaka leo ukipita kwake usiku
mwanga unabadilika rangi chini ya mlango
na hakuna anayecheka ndani.

Nayajua yote hayo. Ningekuwa mama yangu, ningenikataza.
Lakini mama hayupo,
na hapo ndipo hesabu inaponishinda.

Tangu tumzike, mimi na kaka yangu Ksawery
simu hatuiwezi. Yuko Ålesund, anapasua samaki kiwandani.
Nikimpigia ananieleza hali ya hewa.
Nami namweleza ya Łódź. Tunakata.
Ila Alhamisi, saa tatu usiku, tukishavaa deraya za kubuni
mbele ya lango la ngome isiyokuwepo,
ulimi wake unafunguka:
"Nyuma yako! Una dawa? Nipe mishale!"
Halafu katikati ya vita, kama mtu aliyeangusha kitu mfukoni,
"Unakula lakini?"
"Nakula."
"Jana nimeota jikoni kwetu."
Na zimwi linatupiga sote wawili, tunakufa, tunacheka.

Shida ni laptopu yangu.
Inahema kama mwenye pumu anayepanda ngazi;
picha inaganda, na sauti ya Ksawery inakatika
palepale anapolifikia neno.
"Bogna, mimi wakati mwingine huwa na..."
Huwa na nini?
Wiki nzima nimekanda unga na swali hilo.

Leo nimeingia dukani na laptopu kwapani,
nikamwambia Witold aifungue.
Akaipuliza. Kikatoka kiwingu cha unga wa ngano,
akapiga chafya, akanitazama kama daktari
anayetafuta maneno ya upole.
Akaongeza kumbukumbu iliyokwisha kutumika, akabadilisha feni.
Zloti mia mbili na kumi.

Sisemi nimeamua kwa hekima.
Niliogopa tu kumwona Ludwik kwenye kile kioo.
Na elfu tatu mia tisa na tisini bado ziko chini ya blanketi,
zinanong'ona.

Alhamisi ikafika. Miti ya mchezo ilikuwa mibaya vilevile,
kama koliflawa, na zimwi halikuwa na uso.
Lakini sauti ilifika nzima.
"Ksawery, wiki iliyopita ulisema huwa na nini?"
Kimya.
Birika lake likapiga mluzi huko Norwe.
"Njaa," akasema. "Huwa na njaa ya huo mkate unaoukanda."

Haikuwa kweli. Nilijua, naye alijua kuwa nimejua.
Nikamwacha atangulie langoni.